Mume wa Mshonaji: Upepo Mwingi

Jumatatu, 6 Agosti 2012. Area 36, Lilongwe.

Ujumbe umeingia kwenye simu. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 17, saa mbili asubuhi, mimi na mke wangu Antoinette tufike ofisi ya wakimbizi, kambini Dzaleka, kwa interviu. Dosye yetu imeamka! Miaka sita imelala kwa sababu ya siku moja tu. Mimi niliwaambia tulitoka Bukavu Jumamosi. Antoinette, chumba cha pili, akawaambia Jumapili. Wakaandika kwamba maelezo hayapatani, wakafunga faili.

Nimemwambia mke wangu safari hii tuseme kitu kimoja: Jumamosi. Ameuliza kwa nini isiwe Jumapili. Nikamjibu kwamba mimi ndiye kichwa cha dosye, jina langu ndilo la kwanza juu. Apollinaire, halafu wengine. Amesema basi tuseme kilichotokea. Kilichotokea! Mambo mengine hayasemwi mbele ya watu wenye kalamu.

Jumanne, 7 Agosti

Wazungu wawili mlangoni! Wazee. Bwana Hervé, ndevu nyeupe, na mkewe Madame Odile, shavu limevimba kwa jino. Wamebeba mfuko mkubwa kama godoro la watu wawili. Ndani yake tanga la mashua, limechanika vibaya. Wanasema wanaishi baharini, juu ya mashua, mwaka wa tisa huu. Nyumba hawana. Mashua wameiacha Nacala, Msumbiji, wakaja huku kwa sista wa parokia, mdogo wake Madame, ili jino ling'olewe na tanga lishonwe. Sista ndiye aliyewaelekeza kwetu.

Antoinette amekigonga kitambaa kwa ukucha, akasema mashine yake itaweza. Ni mashine ya zigizagi, chuma kitupu, tumetoka nayo Bukavu.

Nilifikiri. Ujumbe jana, Wazungu leo! Sisi wakimbizi haturuhusiwi kufanya kazi nje ya kambi. Chumba hiki cha ushonaji tunakiendesha kimyakimya. Halafu wanatokea watu wenye maswali: mmetoka wapi, mwaka gani, watoto wangapi. Eti mabaharia. Malawi haina bahari! Hawa wametumwa na ofisi kutupima kabla ya interviu. Nawajua.

Jumatano, 8 Agosti

Tanga likitandazwa linajaza ua wote, mpaka kwenye bafu ya mama mwenye nyumba. Majirani wakaanza kuuliza. Nikapata wazo. Niliwaambia ni hema la maombi, ili asiwepo wa kusema tunafanya kazi. Wazo zuri sana! Saa nne wakafika akina mama saba na Biblia zao, mmoja ameleta mgonjwa. Ilibidi nihubiri. Nilichukua habari za Nuhu, kwa sababu ya mashua. Antoinette aliendelea kushona katikati ya nyimbo. Bwana Hervé alikaa juu ya ndoo, akapiga makofi mahali pasipostahili, kisha akaandika.

Ndiyo, anaandika! Ana daftari la jalada la bluu, na kila akiandika anatazama saa kwanza. Mtu mwema hatazami saa kabla ya kuandika. Alipokwenda kunawa nikalifungua. Kifaransa nakisoma vizuri, asante kwa mapadri wa Bukavu. Leo ameandika hivi: "Upepo wa kusini-mashariki, kidogo. Jino la Odile: bado. Mshonaji: daraja la kwanza. Mume wa mshonaji: upepo mwingi."

Nilitoka nje kuangalia. Hata jani halikutikisika. Basi hiyo ni lugha ya siri.

Mama mwenye nyumba amesema zikomo, asante, kwa maombi, turudie Jumatano ijayo.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimeamua kuwafanyia interviu wao. Nani anaijua kuliko mimi? Nimefanyiwa mara nne. Nimeketi nyuma ya meza ya kukatia nguo, nikaweka glasi ya maji ambayo simpi mtu. Kwanza Bwana, peke yake.

Nimemuuliza nani alikuwa anamfukuza kwao. Amesema hakuna. Nikauliza tena, maana ndivyo wanavyouliza. Amesema labda ile ofisi alimofanya kazi miaka thelathini, yenye dirisha lililotazama ukuta. Nimeandika: alifukuzwa na ofisi. Nimeuliza kwa nini basi hakuhamia sehemu nyingine ya nchi yake. Amecheka mpaka akafuta macho. Amesema mkewe humuuliza hilo hilo kila wakipigwa na dhoruba.

Anadai wanalala kwa zamu, saa tatu tatu, mmoja akilala mwingine anatazama mbele. Maji ya kunywa wanapima kwa kikombe. Nusu ya maisha ya baharini, anasema, ni kutengeneza kilichovunjika. Nusu nyingine ni kungoja: upepo, kipuri, muhuri. Muhuri! Eti kila bandari wanapanga mstari uhamiaji na karatasi ya majina, wametoka wapi, wanakwenda wapi. Eti bandari moja walikaa wiki tatu kwa sababu bwana wa muhuri alikwenda harusini. Mzungu angoje muhuri! Hapo ndipo alipoharibu. Uongo unatakiwa ufanane na kitu.

Mwisho nikamuuliza waliondoka kwao lini. Mei 2003, amejibu bila kufikiri. Nimepiga mstari chini yake.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimemtuma Sinzinkayo awafuate. Sinzinkayo ni jirani yetu Mrundi, anaendesha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria. Zamani alipakia mizigo bandarini Rumonge, na hachoki kutukumbusha. Nilimwambia akae mbali, asionekane.

Amerudi saa tisa amembeba Bwana Hervé nyuma ya baiskeli! Wanacheka! Anasema walikwenda kwa daktari wa meno, Madame akang'olewa, kisha wakaenda soko la Tsoka kununua kamba. Muuzaji alikuwa anawapa kamba mbovu, Sinzinkayo akashindwa kuvumilia, akajitokeza. Halafu akawafunga fundo la Rumonge ambalo Bwana hajaliona bahari zote alizopita. Wakanywa naye chai na mandasi.

Nilimwambia ameharibu upelelezi wa wiki nzima. Amenijibu kwamba hawa bantu habana neno, tatizo iko kwa kichwa yangu. Sasa Bwana anamwita nahodha, mbele ya mke wangu. Mimi hajaniita kitu.

Jumatatu, 13 Agosti

Zamu ya Madame. Kosa langu moja: nimemhoji mbele ya Antoinette. Sikuwa na namna. Kazi ilikuwa imefikia mshono wa mwisho, na Madame ndiye aliyeshikilia tanga upande wa pili. Nimemuuliza aliondoka kwao lini. Septemba 2003.

Nimewanasa! Mei na Septemba! Nilisimama kabisa. Nikamwambia mumewe amesema Mei, basi nani kati yao anadanganya. Hakutetemeka hata kidogo. Amesema wote wawili wanasema kweli. Mume alitangulia Mei na mashua, akidai hali ya hewa haingoji. Yeye alibaki kufunga nyumba na kumngoja mjukuu azaliwe, akamfuata kwa ndege Septemba. Miezi yote ile alikuwa akimjibu kwenye simu kwa neno moja moja. Siku hizi wanacheka. Tena, anasema, kwenye mashua wana sheria: kila aliye zamu anaandika daftarini, kwa mkono wake, alichokiona yeye. Zamu mbili zikipingana, hakuna kufuta. Zote zinabaki.

Mguu wa Antoinette ulisimama kwenye pedali. Akauliza Bwana alipotangulia alibeba nini. Madame akasema: mashua, kahawa na redio. Antoinette akanitazama. Madame akamnong'oneza jambo, nikasikia neno upepo tu, kisha wakacheka pamoja, wanawake hawa wawili, mimi katikati na kalamu yangu.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini shajara ni yangu, hakuna anayesoma. Basi: Jumamosi ile kulikuwa na risasi, na kwenye lori ilibaki nafasi moja. Moja! Nilijikunja, tukaenea mimi na mashine. Nilikuwa natangulia kutafuta mahali. Antoinette akafuata Jumapili, kwa miguu, na watoto wetu, Lucie mgongoni na Moïse ameshika kitenge chake. Nilipomwona anafika, nililia. Lakini mwanamume aliyetangulia na mashine hasomeki vizuri kwenye faili. Tulitoka pamoja, Jumamosi. Inasikika vizuri zaidi.

Jumanne, 14 Agosti

Wameondoka na tanga lao. Bwana Hervé aliuvuta mshono kwa nguvu zake zote, ukakataa kuachia. Akamsalimu Antoinette kwa mikono miwili. Amemwachia kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani, cha kusukumia sindano. Sinzinkayo amepewa kamba. Mimi nimepewa daftari la bluu, jipya, tupu, kama lake. Amesema ameona napenda kuandika.

Ameona wapi? Ni mtego. Wanataka niandike ili waje wasome. Nimelificha chini ya godoro, sitatia humo hata herufi.

Jumatano, 15 Agosti

Akina mama wa maombi wamerudi, safari hii kumi na tano. Wameuliza hema liko wapi. Nimesema limechukuliwa. Wameuliza na nani. Nilinyoosha kidole juu, basi tu, kwa kuchanganyikiwa. Wameimba mpaka saa sita.

Namfundisha Antoinette kwa kumshtukiza. Akipika, nauliza: lini? Akifua: lini? Kila mara anasema dimanche, yaani Jumapili. Nimeandika JUMAMOSI kwa chaki ya fundi juu ya meza ya mashine. Amekata suruali juu yake, imefutika.

Ijumaa, 17 Agosti. Dzaleka.

Walimwita Antoinette kwanza. Nilingoja kwenye benchi. Alikaa dakika arobaini. Mtu anayesema "Jumamosi" hakai dakika arobaini!

Nikaitwa. Mama wa miwani, Mmalawi, sauti ya upole; hao ndio wa kuogopa. Akaniuliza tulitoka lini. Jumamosi, pamoja. Akaniuliza mashine ya kushona ina uzito gani. Hapo nikajua. Wale Wazungu wamepeleka ripoti! Nikasema ni nzito. Akauliza niliibeba na nani. Nikatazama dari. Nikasema peke yangu. Akauliza mke wangu alikuwa wapi wakati huo. Nilitazama glasi ya maji aliyokuwa nayo mezani, hakunipa. Nikasema alikuwa nyumbani, na watoto. Niliona aibu, ile inayopanda mpaka masikioni.

Hakufoka. Alisema kumbe Jumamosi ni yangu na Jumapili ni ya mke wangu, mbona hatukueleza hivyo tangu mwanzo. Akaandika mstari mmoja. Miaka sita, mstari mmoja! Faili litaendelea.

Nje nilimwomba Antoinette anisamehe kuhusu mashine, ingawa niliiokoa kwa ajili yake, maana ni yake. Akasimama njiani. "Mashine haina neno," akasema. "Mi ninakasirikia dimanche yangu. Nilitembea na batoto siku muzima, mi peke yangu, na we unasemaka ile siku haikukuwaka."

Tulikula nsima, ugali wa huku. Nimemwapia kwamba nimebadilika, na nilikuwa namaanisha.

Jumapili, 19 Agosti. Area 36.

Jana uliingia ujumbe mwingine! Kesho Jumatatu, saa mbili asubuhi, picha za dosye huko Dzaleka. Familia nzima ifike pamoja.

Nimelichunguza hilo neno. Pamoja. Kwa nini waliandike? Wanataka chumba kibaki kitupu kutwa nzima, mashine peke yake. Na mlango haufungi vizuri, na Sinzinkayo, bwana nahodha, anajua kwamba haufungi. Bahati nzuri Honoré wa kanisani ana pikapu inayokwenda Dzaleka leo saa nane mchana. Imebaki nafasi moja. Nimejipima: nikijikunja, tunaenea.

Nimemweleza Antoinette vizuri, kwa upole. Mimi natangulia na mashine, kutafuta mahali. Yeye anifuate kesho asubuhi na Lucie na Moïse. Ameniomba nirudie. Nikarudia. Hakubisha, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Ameinua godoro, akatoa lile daftari la bluu, akaketi kizingitini, akaniuliza saa. Kisha akaandika, polepole, kwa mkono wake. Nimechungulia juu ya bega lake:

"Dimanche, 19. Saa munane. Apollinaire na mashine banaenda. Upepo mingi."

Lugha ile ile ya siri! Nani amemfundisha? Nilitoka nje kuangalia. Hata jani halikutikisika.