Ombi la Kulizuia Neno "Sori" Lisivuke Mpaka

Meru, Juni 1911

Kwa Bwana Mkubwa wa Boma la Arusha,

Baada ya salamu na heshima nyingi, mimi Kaanaeli, Mkristo na mkulima wa migomba, naleta malalamiko juu ya neno la Kiingereza. Neno lenyewe ni "sori". Limeletwa na shemeji yangu Elinaza, aliyembebea mizigo mwindaji mmoja Mwingereza mpaka Nairobi na kurudi.

Kwanza. Ng'ombe wa Elinaza waliingia shambani kwangu wakala migomba kumi na minne. Desturi yetu ni kwamba mkosaji huja na jani la sale, alama ya kuomba radhi, mkononi na mzee nyuma yake. Mimi humkatalia mara mbili, ndipo tunakunywa mbege. Yeye alisimama ng'ambo ya mfereji, akavua kofia, akasema "sori", akaenda zake. Maneno ya kumkatalia nilikuwa nimeyatayarisha tangu asubuhi, na mpaka leo ninayo.

Pili. Niliuliza maana yake. Eti Mwingereza alilisema alipomkanyaga mpagazi, alipopiga chafya, alipokuwa hakusikia vizuri, na alipompiga risasi punda wa watu akidhani ni pundamilia. Chafya na punda, neno ni hilo hilo.

Tatu. Mke wangu Eunike, dada yake Elinaza, alisema kaka yake ameshaomba radhi, nataka nini tena. Nikautaja ukoo wao kwa maneno ambayo mtu aliyebatizwa hasemi. Amekwenda kwa mama yake, kule kijiji cha Kikwe, pamoja na watoto, na leo ni siku ya tisa. Yote hayo ni kazi ya neno.

Nne. Askari wakijifunza, watampiga mtu viboko ishirini na tano kisha wamwongezee sori. Hapo nawasifu ninyi Wadachi: tangu mfike hamjatuomba radhi kwa lolote, na kila mtu anajua alipo.

Kwa hiyo wapagazi watokao kwa Waingereza wazuiwe mpakani wiki tatu, kama ng'ombe wenye ugonjwa wa sotoka, mpaka neno liwatoke.

Nisalimie karani, askari wote, na yule nyumbu wa boma wa kubeba mizigo aliyekuwa mgonjwa.

Ni mimi mtiifu wako,
Kaanaeli

Nyongeza: Mama mkwe ametuma habari kwamba Eunike atarudi nikienda na jani la sale. Njia ya Kikwe inapita mbele ya ua wa Elinaza, naye hushinda nje. Siwezi kupita pale nimelishika. Lakini nyumba imepoa, Bwana, na ninawakumbuka sana. Lile neno nimekuwa nikilijaribu nyuma ya zizi, na limeanza kunikaa mdomoni. Naomba marufuku isianze kabla ya Jumapili.