Koti la Baba Mkwe Lapanda Mlima

Jumatatu, 3 Juni

Kitindamimba wangu ni mbunifu wa makoti ya mlimani. Kipaji kakitoa kwangu. Baba yake hata kifungo hajui kushona. Bosi wa karakana yao ya ushonaji anataka mtindo mpya uliotokana na nguo za wapanda mlima wa kale, tena wenye historia ya kweli nyuma yake. Imebaki michoro miwili: wa binti yangu, na wa kijana wa jirani yetu Mama Madoido. Mmoja utashonwa. Mwingine jalalani.

Mama Madoido anatangaza dirishani kwamba babu yao alikuwa mpagazi wa mlimani na viatu vyake wanavyo. Sisi je? Tuna koti la marehemu baba mkwe. Zito kama gunia la chumvi. Alilivaa miaka ishirini akibeba mapande ya barafu kiwandani.

Barafu ni barafu.

Jumanne, 4 Juni

Nimelipandisha koti mlimani bila kutoka sebuleni. Majivu kwenye kola. Kamba ya kuanikia nguo nimeisugua begani mpaka kitambaa kikachubuka. Alama ya kamba ya mpanda mlima hiyo! Mume wangu akauliza baba yake alipanda mlima lini. Nikamjibu, kabla wewe hujazaliwa. Akarudi kwenye chai yake. Mwanamume mwenye adabu.

Jumatano, 5 Juni

Nimelipeleka karakana mwenyewe. Bosi kalipokea kama mtoto mchanga. Akauliza mzee alifika wapi. Kileleni, nikasema. Mara ngapi? Ulimi hauna mfupa: mara nne. Binti yangu akatazama sakafu. Unyenyekevu tu.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa. Bosi kamwita mzee mmoja, bingwa wa historia ya wapanda mlima. Mzee kaligeuza koti, kalinusa, kisha kauliza kwa upole mbona kamba ilipita begani, ilhali wapandaji wa zamani walijifunga kiunoni. Nikasema baba mkwe hakuwa na kiuno. Kijana wa Mama Madoido akashikwa na kikohozi.

Binti yangu akasimama. "Mama, basi. Babu hakupanda mlima. Alikumbatia barafu kiwandani. Ndiyo maana koti limelika kifuani na mikononi."

Akafunua mchoro wake. Kifuani na mikononi, kitambaa maradufu. Alikwisha kuuchora hivyo kabla sijaligusa koti. Mzee akasogeza miwani. Akasema wapandaji wa kale nao walitia viraka palepale, kwa kukumbatia miamba.

Bosi akaomba muda wa kufikiri. Mimi nikaombwa kutoka nje.

Jumatatu, 10 Juni

Wameuchukua mchoro wa binti yangu! Mama Madoido kanipongeza bila kuonyesha meno. Mlinzi wa geti kaandikiwa jina langu, nisiingie. Binti kanishika mikono yote miwili, kaniomba nisimsaidie tena. Nimeahidi. Ila bila kamba yangu, nani angelitazama lile koti?

Nasikia msimu ujao karakana itashona nguo za mabaharia. Mume wangu hata kuogelea hajui. Nimemkatia suruali magotini, nikamweleza kwamba meli yake ilizama mara mbili.

Kauliza kama yeye alipona.