Tangazo Rasmi Kuhusu Mawe Yangu ya Nyongo

Kwa wakazi wote wa Lubumbashi, na hasa majirani zangu wa komini ya Kenya (mtaa wetu, si ile nchi) walionisikia Jumapili ile baada ya misa, tumbo liliponishika: mimi, Stanislas Kalenga, mkuu wa ofisi ya vibali vya mawe na kokoto, natangaza kwamba sikuwa nikilia. Nilikuwa nikitoa maoni ya awali.

Cheo hicho nimekishika miaka ishirini na miwili. Hakuna jiwe la ujenzi linalotoka ardhini upande wetu bila mhuri wangu, au angalau hakuna linalotoka mchana. Kwa hiyo mtaelewa mshtuko wangu pale Docteur Delphine, daktari wa upasuaji ambaye kwa umri anazidiwa na kabati la ofisi yangu, aliponipaka mafuta ya baridi tumboni, akatazama kioo cha mashine yake na kusema:

"Tata, uko na mawe mu nyongo. Mingi."

"Kwa kibali cha nani?" nikauliza.

Hakucheka. Alinieleza kwamba nyongo inakaa ndani ya kifuko kidogo chini ya ini, kwamba mawe yanaziba mlango wa kifuko hicho kila ninapokula mafuta, na kwamba dawa ni moja tu: kupasua na kukitoa chote, kabla hakijaoza.

"Sasa unaamua nini?"

Swali lenyewe halikuwa na adabu. Mimi katika kazi yangu sijawahi kuamua. Ninapokea, ninaandikisha, ninaomba maoni, ninapeleka juu. Nikamwambia jibu litamfikia kwa njia ya kawaida.

Nyumbani mke wangu Mujinga, anayeuza vitenge sokoni, alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Aliuliza bila kugeuka:

"Docteur anasema nini?"

"Anasema jambo linachunguzwa."

"Stanis, uko naogopa?"

"Mtumishi wa Serikali haogopi," nikamjibu. "Anaahirisha."

Jumatatu nilisambaza waraka ofisini, nakala nne, nikiomba kila mmoja maoni yake kuhusu tumbo langu. Émile, naibu wangu, alijibu baada ya dakika kumi. Aliandika kwamba upasuaji ni wa lazima, kwamba mapumziko yasipungue miezi sita, na kwamba ingefaa nimwachie ufunguo wa kabati leo leo. Mkurugenzi wetu, Bwana Mardochée, mtu ambaye hata kikohozi chake kina itifaki, alirudisha waraka na neno moja kwa wino mwekundu: "Tusikurupuke." Mlinzi wa mlangoni alishauri nivuke kwenda Zambia, kule wanapasua vizuri. Lakini niliwahi kutumwa Kasumbalesa, mpakani, nikaiona foleni ya malori. Nikaona mawe yangu yatazeeka pale.

Maoni niliyoyapenda zaidi yalikuwa ya Christiane, katibu wangu. Shangazi yake alikunywa mafuta ya zeituni na ndimu, akatoa mawe arobaini bila kisu.

"Arobaini, Chef! Na leo anacheza mu ndoa!"

Nilikunywa nusu lita. Yaliyotokea asubuhi iliyofuata sitayaeleza, kwa heshima ya choo cha ofisi. Inatosha kusema kwamba nilipata vidonge kumi na kimoja vya kijani, vya mviringo, vizuri. Nilivitia ndani ya bahasha, nikaigongea mhuri, nikaipa namba ya daftari, nikaenda hospitalini na uso wa mtu aliyemaliza vita.

Docteur Delphine alichukua kimoja kwa vidole viwili, akakibonyeza. Kikabonyea.

"Tata, hii haiko mawe. Ile mafuta na ndimu bilifanya sabuni mu tumbo. Mawe yako iko palepale."

"Lakini vimeandikishwa," nikasema.

Miezi mitatu niliishi kwa amri ya mawe. Yai, hapana. Samaki wa kukaanga, hapana. Kwenye misiba nilikuwa nasogeza nyama kutoka ukingo mmoja wa sahani hadi mwingine ili nisiulizwe. Nilijifunza kwamba maumivu yalipungua kidogo nikipiga magoti na kulalia kitanda kwa kifua. Mujinga alinikuta hivyo mara mbili, akafikiri nimeokoka.

Halafu mpwa wake Cathy akaolewa, kule Ruashi. Walichoma mbuzi. Michopo, ile nyama choma, ilipita mbele yangu inanukia, pilipili pembeni, kitunguu juu. Nilichukua kipande kimoja kwa ajili ya ukaguzi. Ukaguzi wa kweli hauridhiki na kipande kimoja.

Saa tisa alasiri maumivu yalikuja, na safari hii hayakuondoka. Nilitapika nyuma ya hema la wageni. Mwili ulichemka, meno yakagongana. Teksi haikupatikana, basi Mujinga akanikalisha kwenye pikipiki kati ya dereva na yeye, akanibana kwa mikono yote miwili kama furushi la vitenge. Kila shimo la barabara nililitambua kwa jina. Mimi ndiye niliyetia saini kokoto zake.

Docteur Delphine alinigusa chini ya mbavu mara moja tu, nikapiga kelele.

"Kifuko kimevimba sana. Kinaweza kupasuka. Tunakutoa hii kintu leo, Tata. Kesho, sijui." Akaweka karatasi ya ridhaa mbele yangu. "Weka sinyatire hapa."

Niliisoma. Niligundua kwamba mstari wa tatu ulikosa nukta, nikaitia. Nikauliza nakala itabaki kwa nani. Nikauliza kama mkurugenzi wa hospitali ameiona. Daktari alisubiri. Kalamu ilifika mahali pa saini, na mkono wangu, wenyewe, bila agizo, ukaandika: "Ifuatiliwe."

Alileta karatasi nyingine. Hapo nilishindwa kabisa. Nikamwambia Mujinga jambo ambalo halikuwa kwenye faili lolote:

"Mama yangu aliingia mu chumba kama hiki. Nilikuwa na miaka tisa. Banatuambia tungojee inje. Hakutoka."

"Najua," Mujinga alisema. "Ulikuwa naisema mu usingizi, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Na mi niko naogopa, Stanis. Naogopa mbaya. Weka sinyatire, tuogope pamoja, kisha iishe."

Miaka ishirini na mitano, sikuwahi kumsikia mwanamke yule akisema anaogopa kitu. Nilitia saini, jina kamili, bila maoni ya mtu.

Niliamka nina bandeji tumboni na kiu kali. Mujinga alikuwa amekaa pembeni, viatu vyake mkononi, analala. Juu ya meza ndogo palikuwa na kichupa chenye mawe kumi na saba, ya kahawia, magumu. Haya hayakubonyea.

Siku ya tatu alikuja Mkurugenzi Mardochée na ujumbe wa watu sita. Alisoma hotuba. Alisema jimbo zima liko nyuma ya kitanda changu. Ujumbe ukapiga makofi. Kisha akawaomba wote wasubiri kwenye ukumbi, akafunga mlango, akakivuta kiti karibu, na sauti yake ikapungua mpaka ikawa ya mtu wa kawaida.

"Kalenga. Inauma?"

"Kabla, Bwana Mkurugenzi, au baada?"

Alikichukua kile kichupa, akakitikisa taratibu karibu na sikio. Halafu akafungua koti, akatoa shati kwenye suruali, akanionyesha kwa kidole mahali palepale, chini ya mbavu za kulia.

"Miaka mine," akasema. "Madame hajue. Docteur hajue. Mi nakula mboga tu mu biro ya kazi, mlango unafungwa. Unawaza nini, Kalenga? Nipe avis, maoni yako."

Nilimtazama. Jasho lilikuwa limemjaa kwenye mdomo wa juu. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nampelekea mambo huyu mtu ili ayaamue.

"Bwana Mkurugenzi," nikasema, "Docteur Delphine iko mu chumba cha pili."

Mkurugenzi akainuka, akafungua mlango, shati likiwa bado nje, koti wazi. Ujumbe wote ukasimama.

"Mwende ku biro," akawaambia. "Mi nabakia hapa."

Walitazamana. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyewapa maelekezo mengine, wakapiga makofi.