Malalamiko Kuhusu Tunzo za Simu Zilizomlaza Bwana Darwesh Dukani

Kikwajuni, Unguja
Novemba 2009

Kwa Bwana Meneja,
Kampuni ya simu inayotuma pesa,
Mjini.

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa heshima, na kabla ya kushika kalamu nimengoja hasira zishuke. Mimi ni Maha Amjad, mwimbaji na mwenye kikundi kidogo cha taarabu. Tunapiga kwenye harusi za wanawake. Riziki yetu hasa ni tunzo: mwanamke akipendezwa na wimbo, au ukimsemea jambo lake, huinuka na noti mkononi, akaja akicheza mpaka jukwaani, akanitunza.

Mwezi wa Ramadhani alikuja wakala wenu, Hisham, akaniambia, "Bi Maha, noti zimepitwa na wakati. Andika namba yako kwenye kitambaa, kitundike jukwaani, watu watakutunza kwa simu." Nikamsikiliza. Malalamiko yangu ndiyo haya.

1. Watu hawainuki tena. Harusi ya kwanza baada ya kukitundika kitambaa ilikuwa Mpendae. Naimba, nautazama ukumbi: wanawake wote wameinamisha vichwa, hakuna anayeniangalia. Jaku, mpiga kinanda wangu, akaninong'oneza, "Maliza upesi, pengine umeingia msiba." Kumbe wananitunza. Bwana Meneja, utamu wa tunzo haumo kwenye noti, umo njiani. Mwanamke hupita mbele ya yule anayemkusudia, akamtikisia kiuno, akajifanya amesahau kitu, akarudi, akapita tena. Simu yenu inafika moja kwa moja. Haimpitii mtu.

2. Kwa hivyo nimelazimika kuwa msomaji. Usiku ule walikuwepo Fathiya na Bahiya, wake wenza, wote wawili wa Bwana Darwesh, muuza vitambaa. Hao ndio wateja wangu wakubwa. Fathiya alinitumia elfu mbili kwa wimbo wa kumsema Bahiya, na Bahiya hakujua lolote. Akaendelea kula sambusa zake kwa raha. Fathiya akanifuata jukwaani amenuna: "Bi Maha, elfu mbili zangu zimeingia shimoni? Mtaje aliyetoa." Nikakatisha wimbo, nikaisoma meseji kwenye maikrofoni kama ilivyokuja, mpaka mwisho, pamoja na salio. Jaku akaacha kupiga. Siku mbili nyuma nilikuwa nimemwambia kuwa kikundi hakina kitu. Mpiga ngoma naye akaacha. Beti zilizobaki niliziimba kwa makofi yangu mwenyewe.

3. Noti ilikuwa na adabu, haiingii ukumbi wa wanawake bila ya mwanamke. Simu haina adabu hiyo. Zamu ile Bwana Darwesh alikuwa kwa Fathiya, nyumba ya pili kutoka ukumbini, na spika zetu zinafika mpaka chumbani kwake. Bahiya akaagiza wimbo wake wa kumjibu mwenzake. Simu ikalia, nami nshazoea, nikasoma: umepokea shilingi elfu tano kutoka kwa Darwesh. Yaani mtu amelala kwenye kitanda cha Fathiya, anautunza wimbo wa Bahiya. Fathiya alivaa viatu vyake taratibu, akatoka. Haukupita muda mrefu, Bwana Darwesh naye akatoka nyumbani, na godoro.

4. Mtandao. Bwana Darwesh anasema, nami namwamini, kuwa papo hapo alituma elfu tano nyengine kwa wimbo wa Fathiya, ili asimdhulumu yeyote. Zingefika, angelala ndani. Zilikuja Jumatatu, mimi nimekaa kwenye hitma Mwanakwerekwe, ubavuni mwa mjane, Bi Mwatum. Mlio wa meseji zangu ni wimbo wangu mwenyewe, ule wa mwanamke anayeshukuru kuondokewa na mume. Uliimba ubeti mzima kabla sijaipata simu mkobani. Bi Mwatum alinyoosha mkono, akaniondolea sahani.

Sasa Bwana Darwesh analala dukani, juu ya majora ya vitambaa, maana Bahiya naye alipozisikia elfu tano za Fathiya alifunga mlango, na kila mke ananiambia nimemvunjia nyumba. Miaka yote wamekuja kugombania kwangu, kwa nyimbo, wakirudi nyumbani wamechoka wanalala. Leo hawana pa kugombania, na mimi sina usingizi.

Naomba basi simu zenu zikatae kutuma mpaka mtumaji ainuke kitini. Meseji iwe na nafasi ya kutaja anayekusudiwa. Na kila harusi mtuletee mfanyakazi mmoja wa kampuni, mwanamke, mnene kiasi, avae dera na apite akicheza mbele ya wahusika kwa niaba ya waliotuma. Posho yake mtalipa nyinyi. Mkishindwa, ifungeni huduma hiyo Unguja nzima, kuanzia wiki ijayo.

Nisalimie wa nyumbani kwako, makarani wako wote, na mafundi wanaopanda minara, Mungu awateremshe salama. Hisham usimpe salamu zangu, nitampa mwenyewe nikimpata.

Ni mimi niliyeumia,
Bi Maha Amjad

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kwenda posta na mambo yamegeuka kidogo. Usiifunge huduma kwanza. Tangu usiku wa Mpendae naagizwa harusi mfululizo, na hakuna anayeuliza nitaimba nini. Wanauliza kama nitasoma meseji. Jaku amerudi kwenye kinanda. Tena jana alasiri walikuja Fathiya na Bahiya, wamepakiana kwenye vespa moja. Sijapata kuwaona wamekaa karibu hivyo. Wanakodi ukumbi, wanawake watupu, nisome meseji zote za pesa alizowahi kutuma Bwana Darwesh, kwa mtu yeyote yule. Naomba uniletee meseji hizo kabla ya Alkhamisi. Ukumbi ushalipiwa: wamelipa kwa simu, nusu kwa nusu.