Ndoo Yangu ya Bia na Ndimu

Jumatano, 12 Machi
Joto limetukaba. Wateja wanaipita baa ya dada, wanavuka barabara kwa jirani mwenye feni. Dada kaniita jikoni, kanipa hadi Jumapili: baa ikibaki tupu, nifunge virago nirudi kwa mama. Miaka arobaini na moja, nirudi kwa mama! Sikubali. Nimepata wazo: bia baridi ichanganywe na ndimu. Mhudumu wetu, mwanamke wa maneno machache, kasema hiyo huchanganywa kwenye glasi, mteja akiwa ameshaketi. Hana jicho la biashara huyo. Mimi nitachanganya mapema, ndoo nzima, kazi ibaki kuchota tu.

Ijumaa, 14 Machi
Gunia la ndimu limefika. Nimekamua nusu. Nikajisahau, nikajifikicha jicho. Asubuhi yote nimefanya kazi kwa jicho moja. Mhudumu kaniletea maji ya kunawa, akarudi kufuta meza. Wivu tu.

Jumamosi, 15 Machi
Nimechanganya saa mbili asubuhi. Kufika saa nane, povu hakuna, bia imelala. Shemeji, mume wa dada, kaonja na kusema haina tofauti na maji ya kudekia. Sikukata tamaa. Jikoni kuna kopo la magadi, na magadi hutoa povu, nani asiyejua? Nimetia vijiko vitatu. Ndoo ikafura, ikapanda, ikamwagikia kaunta nzima mpaka kwenye viatu vya mwalimu mstaafu, mteja wetu pekee wa kudumu. Dada hakufoka. Alikaa juu ya kreti akafunika uso. Bora angefoka. Imeniuma sana.

Jumapili, 16 Machi
Nilitoka na begi mkononi, nikakuta baa imejaa. Mhudumu alikuwa akikata zile ndimu zilizobaki, anamkamulia kila mtu kwenye glasi yake, kisha bia baridi juu. Mwalimu mstaafu, miguuni kandambili, yuko glasi ya tatu na kaleta wenzake wote wa karata. Nikamsikia mhudumu akimwambia dada kwamba wazo lilikuwa langu. Dada kaniambia niweke begi chini, nioshe glasi, nisiguse kingine chochote. Nimeosha mpaka vidole vikakunjamana. Kidogo nilie kwa furaha.

Ni wazi watu wamevutwa na harufu ya ndoo yangu ya jana. Mhudumu namhurumia, kukamua mojamoja kutwa nzima. Kesho asubuhi dada anakwenda sokoni. Pipa nimeshalisugua.