Kitenge cha Watu Wawili

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Tumefika Moshi salama. Kwaya nzima, watu ishirini na wawili kutoka Voi. Jumapili tunaimba kwenye jubilei ya kanisa la wenyeji wetu. Kesho mwalimu wetu, Mama Mumbe, ametupa mapumziko, tule na tuzunguke madukani.

Mpango uko tayari! Tangu Pasaka nataka kumwambia Carolyne, mwenzetu wa kwaya, kwamba nampenda. Kila nikifungua mdomo anatokea Muinde, fundi wa simu anayeimba sauti ya tena kwayani, mwenye meno ya kuchekea. Leo njiani nimemsikia akisema Jumapili ana jambo muhimu la kumwambia Carolyne. Lazima nimtangulie.

Dawa ni kitenge. Kwetu, mwanamume na mwanamke wakitokea kanisani na kitenge cha namna moja, akina mama huanza kuulizia tarehe. Nitanunua kimoja, nusu yake, nusu yangu. Hata kuongea sitahitaji.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi, mtori, supu yao ya ndizi na nyama. Nilimwambia mhudumu anipe bakuli moja na vijiko viwili, changu na cha Carolyne. Akaniuliza kwa upole nimeamkaje. Kumbe huku hawaagizi chakula kabla ya salamu. Nikasalimu, nikaomba, nikashukuru. Kufikia hapo Muinde alishafika na kijiko chake, akaanzia upande wenye nyama.

Saa nne, madukani. Nikamwacha Muinde kwenye duka la spika. Carolyne akashika kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, akasema ni kizuri ila hana hakika.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikakisifu. Nikasema hakichuji, hakikunjamani, kinamfaa mnene na mwembamba, na watu wa Wusi, kule milimani kwetu, wakikiona watashuka mlima wote. Sauti yangu ni besi, haijui kunong'ona. Nilipogeuka, kwaya ilikuwa imepanga foleni: Alice nyuma yangu. Nyuma ya Alice, Donald. Nyuma ya Donald, Mama Mumbe, akikipapasa kitambaa. Akasema miaka miwili anatafuta sare ya kwaya, na leo Mungu amemtumia Silvanus.

Makofi! Sala ya shukrani, humo humo dukani! Mwenye duka akatoa jora zima. Mafundi cherehani wote wa barazani wakaitwa: wanaume vizibao, wanawake vilemba. Carolyne alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilipimwa kifua wa kwanza, kwa heshima.

Jumapili, 17 Agosti

Ishirini na wawili, kitenge kimoja. Kama ni ndoa, nimeoa kwaya nzima, Muinde akiwemo. Kizibao chake kimemkaa kuliko changu. Inauma.

Lakini tuliimba! Wenyeji walisimama wakapiga vigelegele. Nilimtazama Carolyne na ndege wake wa manjano kichwani, nikasahau ubeti wa tatu. Nampenda sana. Basi, nimeandika.

Baada ya ibada Muinde akamwita kando. Nikajibanza nyuma ya sufuria la pilau nisikie. Alichotaka ni nini? Aimbe kwenye harusi yake Desemba! Anaoa msichana wa Miasenyi, na sote tumealikwa. Miezi yote hii nimekosa usingizi kwa ajili ya mchumba wa mtu.

Carolyne akanikuta pale pale nyuma ya sufuria. Akachutama kando yangu.

"Silvanus, mimi nimejua tangu Pasaka," akasema. "Niulize tu kwa mdomo wako. Nitakujibu leo."

Nikamwambia pilau imekolea.

Kisha akanifunga vizuri kifungo cha kizibao, akaenda kuosha sahani.

Jumatatu, 18 Agosti

Tumevuka mpaka, tumesimama Taveta watu wanunue ndizi. Usiku kucha nimetafuta kosa lilikuwa wapi. Nimelipata! Kitenge huja kwa jora, kila mtu anapata. Jibu ni viatu. Kutoka dirishani naona kwenye mitumba raba nyekundu za namna moja, pea mbili tu, ya kike na ya kiume. Kwaya nzima haiwezi kuingia humo.

Carolyne amegeuka sasa hivi, akaniambia kiti cha kando yake kiko wazi mpaka Voi.

Nimemwambia amkaribishe mwingine. Mimi nashuka, nina shughuli muhimu.