Mkuki wa Mama

Jumatatu, 10 Juni 1996

Dada yangu Nyangi, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, anakaguliwa Ijumaa. Anafundisha mazoezi ya viungo katika shule moja hapa Migori. Akianguka atarudia mwaka mzima, na mwaka huo atauishi chumbani kwangu! Ameleta fomu niipige chapa. Swali la nne: familia yako imekujengaje kuwa mwalimu wa michezo? Amejibu kwa mstari mmoja. Tulizaliwa saba, tukachota maji. Maji! Nani humpa mtu alama kwa maji?

Jumanne, 11 Juni

Nimebaki ofisini saa ya chakula. Mlango nimeufunga. Nimeandika kwamba mama yetu alikuwa bingwa wa wilaya wa kurusha mkuki, 1964. Mwaka nimeuchagua kwa uangalifu: wa mbali. Nyangi ametia sahihi bila kusoma. Karani mwenzangu, Maurice, akauliza mbona natoka jasho. Nikasema malaria. Akanipa vidonge vya klorokwini, akasimama kuhakikisha nameza. Sasa nawashwa mwili mzima.

Jumatano, 12 Juni

Balaa! Mkaguzi, Bwana Momanyi, amefurahia fomu kupita kiasi. Anataka bingwa aje Ijumaa awaonyeshe watoto. Nyangi amekuja ofisini kuniuliza, mbele ya Maurice, kama kichwani mna akili au mna karatasi tu. Maurice akacheka mpaka akashika kabati la mafaili. Si kitu. Nina mpango: mama ameumia bega. Nimemwandikia Bwana Momanyi barua safi, nakala mbili.

Alhamisi, 13 Juni

Barua imefika. Mama naye amefika, kutoka Kegonga, debe la mahindi kichwani na kuku mkononi. Bega zima kabisa! Kumbe Nyangi alimtumia ujumbe kwa Hamud, anayepeleka nguo sokoni huko. Nimemsihi mama kesho ashike bega na kugumia kidogo. Akauliza kama ni mimi niliyemzaa au ni yeye aliyenizaa.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeomba ruhusa ya saa moja, nikajificha nyuma ya choo cha shule. Nilisikia yote. Bwana Momanyi akampa mama pole ya bega. Mama akasema bega lake halijui maumivu, na mkuki hajaurusha hata siku moja. Yeye hurusha mawe, kwa tumbili wa shambani. Akaokota moja. Mlingoti wa goli ukalia ngo! Watoto wakapiga mayowe ya furaha.

Bwana Momanyi hakucheka. Akauliza nani alimfundisha Nyangi kuwapanga watoto hivi, wadogo mbele, wakubwa nyuma, na mbio haziishi mpaka wa mwisho afike. Kitabuni hamna. Mama akajibu ndivyo alivyowatuma wanawe saba mtoni. Hakuna aliyegusa uji mpaka wa mwisho atue mtungi. "Na wa mwisho ni huyo nyuma ya choo. Magige, mwanangu, toka huko, utanuka!"

Nikatoka, huku najikuna. Bwana Momanyi akasema hilo la mtoni ndilo ambalo swali la nne lilikuwa likilitafuta. Nyangi amefaulu! Amembeba mama mgongoni akazunguka naye uwanja. Kisha Bwana Momanyi akanirudishia fomu. Akasema herufi e ya mashine yangu, iliyokatika mkia, aliiona tena kwenye barua ya bega. Nipige upya. Maji yote yawemo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimepiga upya. Maji yote yamo. Asubuhi zimeletwa fomu za kupandishwa cheo, na Maurice amejaza yake kabla ya chai. Swali la tatu: ulipata msingi gani nyumbani? Nimeandika kwamba baba alikuwa mpiga chapa hodari. Baba! Mtu wa ng'ombe tangu utoto! Lakini safari hii mikia ya e zote nimeichora kwa kalamu. Mtu hujifunza.

Mama ameaga. Anasema Jumatano baba anakuja Migori kununua dawa ya kupe, na atapita ofisini kumsalimu mkubwa wangu.

Haidhuru. Nitasema ameumia kidole.